Kontroli zinapita kila siku, tathmini ya nje tunafeli. Tunakosea wapi?

Bi Seramu
Wakuu, habari za kazi. Miezi minne iliyopita nilikabidhiwa usimamizi wa ubora kwenye maabara yetu. Aliyenitangulia aliacha mafaili mengi na maelezo machache, kwa hiyo nikiuliza la kitoto mnivumilie.

Kila asubuhi tunapima kontroli mbili za kemia (sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana), ya kawaida na ya juu, kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa. Nimepitia chati za Levey-Jennings, zile za kuchora majibu ya kontroli siku kwa siku, tangu nianze: nukta zimeuzunguka wastani vizuri mno. Lakini sampuli za tathmini ya nje zikija, zile tunazotumiwa ili majibu yetu yalinganishwe na ya maabara nyingine, kalsiamu inafeli. Awamu iliyopita alama z (umbali wetu kutoka wastani wa maabara zote, minasi ikiwa ni chini) ilikuwa -3.2, awamu hii -3.4, na sasa kreatinini nayo imepewa onyo, -2.3.

Bosi anasema sampuli zao ndizo mbovu, ziliharibika njiani. Amenishauri awamu ijayo nipigie simu maabara ya jirani tulinganishe namba kabla ya kutuma. Nilinyamaza, ila roho inanisuta.

Tafadhali msiniambie ninunue mashine mpya. Nawasilisha.

Pipeti Kavu
Pole dada. La simu lifute kabisa. Sampuli ya tathmini inapimwa kama ya mgonjwa: watu walewale, mara zilezile, hakuna kunong'onezana hadi tarehe ya mwisho ipite. Kule Marekani maabara ikipeleka sampuli hiyo kwa wenzake makusudi, inaweza kufutiwa cheti. Halafu ukishanakili namba za jirani, umepata nini? Wagonjwa wako bado wanapimwa kwa mashine ileile.

Kijana wa Kemia
Mimi ningeanza na mipaka. Chati nzuri mno hunitia shaka. Je, SD, yaani kipimo cha mtawanyiko wa majibu kuzunguka wastani, mmekokotoa wenyewe au mmechukua ya kwenye karatasi ya kiwanda? Ile ya kiwanda ni pana, imekusanya maabara nyingi na mashine nyingi. Ukiitumia, kosa linapita mlangoni bila kubisha.

La pili, kontroli ikitoka nje mnafanya nini? Kwetu zamani ilikuwa ni kurudia mpaka ikubali. Ukitumia 2SD kama mpaka wa kukataa, kontroli moja itatoka bila kosa lolote karibu mara 1 katika 20, na ukiwa na mbili ni karibu 9 katika 100. Watu wanazoea kwamba kengele hailii kwa sababu ya maana. Ndiyo maana Westgard, mtaalamu wa ubora wa maabara, mwaka 1981 aliiweka 2SD kuwa onyo tu, kisha ndipo uangalie kanuni nyingine: moja ikivuka 3SD, mbili mfululizo zikivuka 2SD upande mmoja, kumi zikikaa upande mmoja wa wastani.

Bi Seramu
SD tulikokotoa wenyewe kwa siku 20, na hatujarudia kontroli hata mara moja tangu niingie. Hakuna kumi za upande mmoja. Wastani wetu wa vipimo hivyo viwili karibu unalingana na wa kiwanda, ndiyo maana nimechanganyikiwa.

Mkuu wa Zamu
Basi bosi wako yuko sahihi. Kontroli ziko sawa, wastani uko sawa, sampuli zao mbovu. Andika barua ya malalamiko, maisha yaendelee.

Mzee wa Darubini
Mkuu wa Zamu, punguza mwendo. Sampuli mbovu ingewafelisha na wengine, na ile alama inatoka kwenye wastani wa kundi zima.

Binti yangu, umetuletea vipimo viwili tu kwa sababu ndivyo vilivyopigiwa mstari mwekundu. Lete vyote, hata vilivyofaulu. Kwenye ripoti ya tathmini mimi huanza na waliofaulu.

Bi Seramu
Shikamoo mzee. Awamu hii: kalsiamu -3.4, kreatinini -2.3, urea -1.6, sukari -1.9, kolesteroli -1.5. Sodiamu +0.2, potasiamu -0.1.

Mzee wa Darubini
Marahaba. Umeona sasa? Vitano vyote viko chini, havikutawanyika. Kalsiamu imefeli peke yake kwa sababu kwake maabara hutofautiana kidogo sana, kwa hiyo hata asilimia chache zinakuangusha. Kolesteroli ina nafasi ya kujificha.

Sodiamu na potasiamu zimetulia. Hizo bila shaka mnapima kwa elektrodi, na kimiminika chake cha kusawazishia huja tayari kwenye chupa. Vile vitano vinasawazishwa kwa kalibreta ya unga, ile yenye kiwango kilichoandikwa ambacho mashine hukitumia kama rula, sivyo? Nani anayeyusha huo unga, na kwa pipeti gani? Na kontroli? Na sampuli za tathmini?

Bi Seramu
Mzee, mbona nimeanza kutetemeka. Kalibreta na kontroli zote ni unga, tunayeyusha kwa mililita 5, kwa pipeti moja ya kubonyeza iliyopo mezani. Za tathmini anayeyusha bosi mwenyewe kwa pipeti ya kioo inayofungiwa kabatini. Sisi tunaiita pipeti ya wageni.

Pipeti Kavu
Pipeti ya wageni! Nimecheka mwenyewe kazini. Lakini hapo ndipo penye jibu.

Mzee wa Darubini
Ndipo. Tuseme ile ya mezani inatoa maji pungufu. Kalibreta inakuwa nzito kuliko ilivyoandikwa, mashine inaamini maandishi, na kila kinachofuata kinasomeka chini. Kontroli nayo imeyeyushwa kwa pipeti ileile, nayo ni nzito kwa kiasi kilekile. Makosa mawili yanafutana, chati inang'aa. Seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yake, haiyeyushwi na mtu, kwa hiyo inabaki chini peke yake, pamoja na sampuli ya bosi.

Usiniamini kwa maneno. Chukua maji safi yaliyokaa chumbani hadi yalingane na joto la chumba, weka kikombe kwenye mizani, toa mililita 5 mara kumi, andika kila uzito. Kwenye nyuzi 20 unatarajia gramu 4.99 hivi.

Bi Seramu
Nimerudi. Mara kumi, wastani gramu 4.59. Fundi ameifungua, mpira wa ndani umechoka na una ufa. Tumeyeyusha kalibreta mpya kwa pipeti ya kioo, tukasawazisha upya, tukapima mabaki ya sampuli za tathmini yaliyokuwa kwenye friza. Kalsiamu imerudi karibu kabisa na wastani wa kundi.

Kisha nikatoa seramu za wagonjwa tulizohifadhi. Mmoja tulimpa kalsiamu 2.08, daktari akamwandikia nyongeza. Leo imesoma 2.26. Hakuwa na tatizo lolote. Bosi anasema tumeshatengeneza, tusiwashtue watu. Ufa umekuwepo tangu lini, sijui. Niwaambie madaktari au niishie hapa?

Kijana wa Kemia
Waambie. ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, haikupi njia ya kukwepa: kazi yenye kasoro ikishatoka, unatathmini athari kwa mgonjwa, unamjulisha aliyeomba kipimo, unatoa ripoti iliyosahihishwa na ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu. Kujua mwanzo, rudi kwenye wastani wa majibu ya wagonjwa wiki kwa wiki. Ulipoanza kushuka, hapo.

Mkuu wa Zamu
Nafuta kauli yangu ya barua. Nimetoka kupima pipeti yetu sasa hivi: 4.97.

Mzee wa Darubini
Anza na kalsiamu zilizosomeka chini ya mpaka wa chini au karibu nao, na kreatinini zilizosomeka chini kidogo tu ya mpaka wa juu, wengine watafuata. Hiyo pipeti iliyopasuka usiitupe, ifungie na uiandike namba. Na ile ya wageni itoke kabatini. Kontroli nyingine tafuta ya kimiminika, ya mtengenezaji tofauti na wa kalibreta.

Bi Seramu
Nimeshapata orodha, majina 61. Naanza kupiga simu kesho saa mbili asubuhi. Bosi amesaini fomu, hajanisemesha tangu hapo.