Vijarida vya kujichapishia na muziki wa kelele wa China, nani anaujua huu upande?

kanda_mbovu: Wakuu habari za usiku. Siku hizi nasikiliza sana muziki wa Wachina, sio ule wa kwenye tamthilia jamani, naongelea ule wa majaribio, kelele tupu, waya zinalia, mtu kakaa kimya dakika tano afu anagonga meza. Sasa kila nikimfuatilia msanii nakuta pembeni kuna kijarida cha fotokopi au kaseti nakala chache zimeshaisha. Kwanini makaratasi na kaseti wakati intaneti ipo? Ni kuogopa serikali au ni mapozi tu?

Mzigo_Guangzhou: Mkuu hii kitu anza miaka ya 90 ndo utaelewa. Kampuni za muziki za Marekani na Ulaya zilikuwa na CD na kaseti hazijauzika, wakazikata ukingo kwa msumeno wakazisafirisha China kama taka za plastiki. Zikafika huku kusini bandarini, watu badala ya kuziyeyusha wakaanza kuziuza mtaani, zinaitwa dakou. CD inasomwa toka ndani kwenda nje, kwa hiyo iliyokatwa ukingo inakosa nyimbo za mwisho basi, zingine unasikia freshi. Kaseti unaunga utepe unaendelea. Tatizo mtu ananunua hajui anasikiliza nini, jina lenyewe hawezi kulisoma, hapo ndo vijarida vikapata kazi. Hapahapa Guangzhou kulikuwa na Music Heaven, jarida linakuja na kaseti yake. Yaani kusoma na kusikiliza vilizaliwa pamoja kule.

shangazi_wa_besi: Nyongeza. Kuhusu serikali, ndio na hapana. China kitabu halali lazima kiwe na namba ya ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, na hizo wanapewa wachapishaji wa serikali, wewe na printa yako huzipati. Ndo maana wanachapa kidogo wanapeana mkononi, hakuna anayehangaika na nakala hamsini. Ila mimi nachoka na waandishi wa nje wanaofanya kila mpiga kelele Beijing awe mwanamapinduzi. Adui mkubwa ni kodi ya pango!! Mcheki Yan Jun, mshairi na mhakiki, katoka Lanzhou kaenda Beijing 1999, ana lebo yake Sub Jam anatoa vitabu na rekodi. 2005 akaanzisha shoo za Waterland Kwanyin, kila Jumanne baa ya 2 Kolegas, baa yenyewe ilikuwa ndani ya sinema ya kuangalia ukiwa kwenye gari. Mwanamuziki Zhu Wenbo naye 2009 akaanza usiku wa shoo unaitwa Zoomin' Night pale ukumbi wa D-22 Beijing, Jumanne vilevile, maana wikiendi hakuna mwenye baa atakupa stage upige mluzi wa spika. D-22 ikafunga 2012 wakahamia ukumbi mwingine, XP, nayo 2015 ikafunga. Zoomin' Night haikufa, ikabaki lebo ya kaseti. Ukumbi unaondoka, karatasi na kaseti zinabaki kabatini kwa mtu, hilo ndo jibu lako. Na Yan Jun alifika mahali anapiga shoo sebuleni kwa watu, hapo mwenye nyumba atakufunga nini

Otis_wa_Eastlando: Mnasahau Shanghai buda. Kundi la Torturing Nurse wako tangu 2004, hao ni fujo kamili, usisikilize na earphones. Na sisi tuko ndani, Slikback, prodyuza wetu wa Kenya, ameshafanya kazi na prodyuza Hyph11E wa Shanghai, njia ilipitia kundi la muziki la Nyege Nyege pale Uganda. Hiyo ni ya klabu zaidi lakini watu ni walewale wa kujifanyia.

kanda_mbovu: Aisee nimeelewa, ila sasa nakala nazipata wapi, mimi niko Mbeya

Mzigo_Guangzhou: Za kusikiliza Zoomin' Night wako Bandcamp, tovuti ya wasanii kuuza muziki wao, anzia hapo. Karatasi ni shida kidogo, ukipata mtu anakuja Shenzhen kununua mzigo mwambie apite Old Heaven, duka la vitabu na santuri liko eneo la sanaa la OCT-LOFT, nyuma kuna sehemu ya kahawa. Asiulize vijarida kwa Kiingereza, amuonyeshe muuzaji picha kwenye simu. Na aangalie uzito, santuri zinakula kilo za begi kuliko unavyodhani.

shangazi_wa_besi: @kanda_mbovu ukipata cha Kichina piga picha kurasa uniwekee inbox, nina mpwa anasoma Wuhan atatusomea