Kiwanja cha nyumba ya wageni Soni: mita 30 zinapimwaje?

Asalaam aleikum wana-Tanga. Kuna kiwanja natajiwa kati ya Soni na Lushoto, lami juu, mto chini. Dalali anasema bomba la mafuta likianza na barabara ikipanuliwa, wageni watafurika. Nitume pesa?

—

Waaleikum salaam dada. Pesa zikae kwanza. Bomba la mafuta la Hoima, Uganda, kilomita 1,443 zote, linaishia Chongoleani, ufukweni Tanga, halipandi Lushoto. Huo ni wimbo wa dalali.

La barabara ndilo zito. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi (eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa) ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa 22.5, na wapo wanaoihesabu hiyo hadi leo.

Milimani watu hukosea kwa kulaza tepu juu ya mteremko. Mita hizo ni za mlalo, yaani tepu ivutwe usawa, isifuate mteremko. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30, tepu ya mita 30 iliyolala ardhini inakupa 26 tu. Hapo ukuta umeingia hifadhini mita nne, ukisubiri kuchorwa X ya kubomolewa.

Tazama na kona. Kiwanja kilicho ndani ya kona kali kina barabara juu na chini, kila moja inameza 30. Zikiwa zimeachana mita 70, umebakiwa na 10, na karo la choo bado hujalipatia mahali.

—

Kaka kasema, ila mto kausahau. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Jumlisha: toka katikati ya lami hadi mto zisipozidi 90 za mlalo, hakuna kiwanja hapo.

Zikizidi, tenga fungu la ukuta wa kuzuia udongo. Nyuma yake kokoto sentimita 30, na matundu ya bomba kila mita moja na nusu. Ukuta husukumwa na maji yaliyokosa njia, hata nondo ziwe nene vipi.

Tuma mpima ardhi aliyesajiliwa, si binamu. Picha za mandhari mwachie dalali. Wewe dai picha ya kalavati (mfereji unaopitisha maji chini ya barabara) lililo juu ya kiwanja. Mdomo wa kalavati ukielekea kwako, maji ya masika yatapita sebuleni.