Ndege ya mbio inajipindua nikikata kona kali, tatizo ni balansi au ni kitu gani?

BawaFupi (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Nimerusha ndege za rimoti za kujifunzia kwa muda mrefu, zile za bawa juu, sasa nimeunda ndege ya umeme ya mbio za nguzo, zile za kuzunguka nguzo, bawa liko chini, mbao ya balsa imevalishwa filamu, upana wa bawa mita 1.2 na kina cha bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma ni milimita 200, betri ni lipo ya seli 4. Ikiwa inaenda moja kwa moja inapendeza sana, inakata upepo mpaka raha, ila nikiilaza kushoto nikavuta eliveta (kibawa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) kwa nguvu ili igeuke haraka, inafika mahali inajipindua ghafla kwenda kulia, yaani inazunguka kama skrubu na kupoteza mwelekeo kabisa. Nikiiachia stiki inarudi sawa lakini imeshashuka mita nyingi tu. Balansi (kitovu cha uzito) nimeiweka milimita 66 kutoka ukingo wa mbele, eliveta inacheza milimita 12 juu na 12 chini, eleroni (vibawa vya kulaza ndege kushoto na kulia) milimita 10. Naombeni msaada kabla sijaipeleka chini chini kwenye nguzo, maana sa hivi naijaribia juu sana na bado naogopa.

FundiBalsa
Mkuu umefanya vizuri sana kujaribia juu, endelea hivyo hivyo mpaka tatizo liishe.

Hizo namba zako ndo zinaongea zenyewe. Milimita 66 kwenye bawa la kina cha 200 ni 33%, hapo ni nyuma mno kwa ndege mpya ambayo hujaizoea. Anza na 25%, yaani milimita 50, sogeza betri mbele mpaka ifike hapo, usiongeze uzito wa risasi kama betri inaweza kufanya hiyo kazi. Ukishaielewa ndo unarudisha nyuma milimita 2 kwa wakati mmoja. Balansi ikiwa nyuma eliveta inakuwa kali kupita kiasi, unagusa kidogo ndege inaruka kichwa.

Afu eliveta milimita 12 ni ya ndege ya sarakasi hiyo, sio ya mbio. Weka 4 au 5 kila upande, eleroni 5 inatosha kabisa kwa spidi hiyo. Usipunguze kwenye rimoti peke yake, hamisha pusharodi (waya unaosukuma eliveta) iingie tundu la ndani kwenye mkono wa sevo (mota ndogo inayousogeza), ili sevo itumie mzunguko wake wote kusogeza kidogo. Ukipunguza kwa rimoti tu, sevo inatumia sehemu ndogo ya uwezo wake na ule mlegeo mdogo wa gia unahamia wote kwenye eliveta. Ndege ya spidi haisamehi mlegeo.

Swali moja la muhimu: inajipindua kulia kila mara au siku nyingine kushoto? Na trimu ya eleroni (marekebisho madogo kwenye rimoti ili ndege iende sawa) iko wapi?

KushotoTu
Naunga mkono alichosema FundiBalsa, ila ngoja nieleze kwa nini inatokea, maana ukijua sababu mkono wenyewe unabadilika.

Chukulia ndege yako inaenda kilomita 180 kwa saa, hiyo ni mita 50 kwa sekunde. Ukigeuka kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 28 bawa linabeba uzito wa ndege mara 9 hivi. Sasa spidi ya chini ambayo bawa linaweza kubeba inapanda kwa kipeuo cha pili cha huo mzigo, kwa hiyo mara 9 ni spidi mara 3. Kama ndege yako ikienda polepole inaishiwa nguvu ya kubebwa kwenye kilomita 40 kwa saa, kwenye hiyo kona inaishiwa kwenye 120! Ukivuta zaidi ya hapo huku spidi inaanguka, bawa moja linaachia kabla ya jingine, ndo huko kujipindua unakokuona. Kwa hiyo sio kwamba ndege ni mbovu, umeiomba kitu ambacho bawa halina.

Na kona kali inakula spidi vibaya sana. Ukinzani wa hewa unaotokana na bawa kubeba unaongezeka kwa mraba wa mzigo, mzigo ukiwa mara mbili huo ukinzani ni mara nne. Watu wengi wanadhani mbio hizi ni mota, mimi nasema watu wanashinda na kushindwa kwenye kona. Yule anayevuta taratibu akachora duara kubwa kidogo anatoka na spidi yake yote, yule anayebana anatoka amechoka na anatumia mstari wote kuirudisha.

Jinsi ya kukata: laza ndege kwa eleroni, rudisha eleroni katikati, HALAFU vuta eliveta kwa mvuto mmoja laini mpaka imalize kona, achia, nyoosha. Usichanganye vyote kwa pamoja. Kulaza usifike nyuzi 90 kamili, kwa mzigo wa mara 6 nyuzi 80 ndo inakupa kubebwa sawasawa na uzito wa ndege, haipandi haishuki. Ukiona inapanda kwenye kona umelaza kidogo mno, ikishuka umezidisha.

Ndege_ya_Jioni
Mi nadhani mnamtisha bure, aweke ekspo 50% kwenye eliveta atulie, mbona nyepesi hiyo.

FundiBalsa
@Ndege_ya_Jioni ekspo inapunguza ukali katikati ya stiki tu mkuu, ukifika mwisho wa stiki eliveta inaenda mbali vile vile. Yeye tatizo lake liko mwishoni, pale anapovuta kwa nguvu. Tena ekspo kubwa ni hatari kwenye kona, unavuta huoni kitu, unavuta huoni kitu, ghafla inakuja yote. Punguza mwendo wa eliveta kwanza, ekspo 20% hadi 30% itafuata kwa ajili ya kulainisha mstari mnyoofu.

BawaFupi
Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Jibu la swali: ni kulia kila mara, na trimu ya eleroni nimeipeleka kulia kidogo ndo inaenda sawa. Betri nimesogeza mbele, balansi sasa iko milimita 51, eliveta 5.

Halafu nina swali jingine, nataka kuongeza spidi, propela yangu ina hatua (umbali inaosonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 6, kuna mtu kaniambia niweke ya 8. Nifanye hivyo?

FundiBalsa
Trimu ya kulia + kujipindua upande mmoja kila mara = bawa lako sio pacha, kuna upande umejikunja. Kama ingekuwa unavuta sana tu, leo ingeenda kulia kesho kushoto.

Fanya hivi, laza bawa kwenye meza iliyonyooka, weka ukingo wa mbele wa kila upande kwenye kipande cha mbao cha urefu ule ule, afu pima ukingo wa nyuma kwenye shina na kwenye ncha, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 1 kwenye ncha inaonekana angani kwenye spidi. Ukikuta imejikunja, shika ncha uikunje kinyume kupita kidogo ya unapotaka, mwenzio apitishe pasi ya filamu juu na chini huku umeshikilia, achia ikipoa, pima tena. Rudia mpaka iwe sawa. Usipashe sana karibu na maungio. Na angalia pia kama pande mbili za eliveta ziko sawa kwa sawa, upande mmoja ukitangulia hata kidogo unasokota ndege unapovuta.

Na balansi ya kushoto na kulia usiisahau, shika ndege kwenye pua na mkia uone bawa gani linaanguka.

KushotoTu
Kuhusu propela usikimbilie 8. Spidi ya juu kinadharia ni hatua kwa inchi mara mizunguko kwa dakika mara 0.001524, unapata kilomita kwa saa. Inchi 6 kwa mizunguko 20,000 ni 183. Ukiweka 8 mota haizunguki tena 20,000, mzigo unapanda, umeme unapanda haraka na mota na spidi kontrola vinapata moto. Unaweza kubaki na spidi ile ile na vitu vimeungua.

Pima kwanza. Funga wattmita kati ya betri na kontrola, mtu mwingine aishike ndege kwa nyuma ya bawa, mikono na uso mbali na mstari wa propela, throtoli (nguvu ya mota) kamili kwa sekunde chache tu, soma ampea. Kontrola iwe na nafasi ya 20% hadi 30% juu ya hiyo namba. Angani ampea zinashuka kidogo kwa sababu hewa inasaidia propela, ila usilitegemee hilo kuokoa kontrola ndogo. Ukiwa na nafasi panda kidogo kidogo, 6 kwenda 6.5 kwenda 7, pima kila mara, na baada ya kutua shika mota, kama huwezi kuacha kidole hapo rudi nyuma.

Na mimi ningeanza na kuziba. Mwanya wa bawaba kwenye eleroni na eliveta ukizibwa na mkanda mwembamba unapata spidi ya bure na mwitikio sawa pande zote mbili.

SautiYaAnga
Wakuu hapa hakuna aliyetaja flata (bawa au vibawa kutetemeka kwa spidi) na feilsefu (ndege inafanya nini ikipoteza mawasiliano na rimoti), naomba niongeze maana hii ni kilo moja na zaidi inayoruka kwa spidi ya gari la mashindano.

Flata: ukisikia mvumo wa ghafla kama nyuki mkubwa na ndege inatetemeka, funga throtoli hapo hapo, inua pua taratibu, tua. Usimalizie mzunguko. Chanzo ni mlegeo, kwa hiyo ukitua shika eleroni kwa vidole viwili uitikise, sevo ikiwa imewashwa, haitakiwi kucheza. Angalia pusharodi ndefu isiyo na mshikilio katikati, inapinda ikisukumwa.

Feilsefu: toa propela, washa kila kitu, peleka throtoli nusu, zima rimoti. Mota isimame. Isiposimama hiyo ndege hairuki leo. Fanya na jaribio la umbali kabla ya siku ya kwanza ya kila ndege mpya, mota ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa.

Na betri, weka taima, utue ukiwa na akiba, seli zikipumzika zisome 3.7 au 3.8. Lipo iliyokamuliwa mpaka mwisho inavimba. Kama hurushi siku kadhaa iache kwenye 3.8, sio 4.2.

BawaFupi
Nimepima bawa, upande wa kulia ukingo wa nyuma kwenye ncha ulikuwa chini milimita 2! Nimeukunja na pasi kama alivyosema FundiBalsa, ilibidi kurudia maana mara ya kwanza ilirudi yenyewe ilipopoa. Trimu imerudi katikati. Nimeirusha, nikafuata mtiririko wa KushotoTu, laza, katikati, vuta, achia. Haijajipindua hata pale nilipovuta stiki mpaka mwisho, eliveta haifiki tena pale pabaya. Na kweli inatoka kwenye kona bado ina mbio, nimeisikia kwenye sauti ya mota kabisa, haizami tena.

Sasa nguzo. Nikitaka kuanza mazoezi nguzo zinapangwaje na mtu anajuaje kwamba amepita ile ya mbali? Kutoka niliposimama zote zinaonekana ziko mahali pamoja.

KushotoTu
Hongera sana!! Hiyo sauti ya mota ndo kipimo changu pia.

Kwenye daraja la F3D la FAI (shirikisho la dunia la michezo ya angani) ni pembetatu ndefu, nguzo namba 1 iko mita 180 mbali, namba 2 na 3 ziko upande wako zimeachana mita 40, mzunguko mmoja unahesabiwa mita 400, raundi ni mizunguko 10, na kona zote ni kushoto. Ukikata ndani ya nguzo mara moja unaongezewa 10% ya muda wako, ukirudia mara ya pili raundi hiyo imeharibika.

Nguzo ya mbali huwezi kuipima kwa macho, hakuna anayeweza. Ndo maana kuna mpiga sauti anayesimama nyuma ya bega lako, anaangalia ishara ya waamuzi wa namba 1 na kukwambia geuka, pia anakwambia kuna nani juu yako na nani chini. Mtafute mtu mmoja ufanye naye mazoezi daima, mkubaliane maneno mafupi, na anene kabla kidogo ya wakati kwa sababu kati ya sikio lako na kidole kuna muda, na kwenye mita 50 kwa sekunde huo muda ni mita nyingi. Wote wawili vaeni helmeti.

Kwa sasa usiweke nguzo ndefu. Mwombe mtu asimame kwa mbali na pembeni kabisa ya njia ya ndege, ainue bendera ndege ikifika mstari wa namba 1, wewe ruka juu, urefu wa jengo la ghorofa nne tano, na uwe peke yako angani. Lengo la kwanza ni kona zote ziwe na urefu mmoja kutoka ardhini. Zikishafanana ndo unashuka kidogo kidogo.

FundiBalsa
Na kabla hujashuka, igeuze kichwa chini ukiwa na throtoli nusu uone unasukuma eliveta kiasi gani ibaki sawa. Ukisukuma sana, balansi bado iko mbele, rudisha betri milimita 2. Ukiona haihitaji kusukumwa kabisa umefika nyuma mno, irudishe mbele. Tuletee majibu mkuu.