Naomba ushauri: kamera ya joto kwenye tableti bila waya

Habari za kazi wakuu. Mimi ni fundi umeme, niko Ngamiani, Tanga. Nimefunga kamera ndogo ya joto, FLIR Lepton 3.5, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero 2 W ili niiache ndani ya paneli za mota kiwanda cha mkonge, nione viungio vinavyochemka kupitia tableti ya Android ya bei chee. Pi yenyewe ndiyo inarusha Wi-Fi.

Mlango wa paneli ukiwa wazi, safi kabisa. Ukifungwa tu, picha inagandaganda, na hapo ni pikseli 160 kwa 120, fremu hazifiki hata 9 kwa sekunde! Nadhani chuma kinaziba mawimbi, maana antena imo kwenye bodi. Niongeze adapta ya USB yenye antena ndefu niitoe nje, au kuna njia nyingine? Mfuko umetoboka, jamani.