Baba mtoto yuko Kisumu, mimi niko Nakuru: kesi ya matunzo naanzia mlango upi?

MamaChai_Kaptembwo

Hamjambo wenzangu. Ninauza chai na mandazi stejini hapa Kaptembwo tangu saa kumi na moja alfajiri, kwa hivyo nikichelewa kujibu msidhani nimewapuuza.

Nina msichana wa miaka sita. Baba yake ni dereva wa lori, sasa anaishi Kisumu. Ndoa hatukufunga, mahari hayakutolewa, tulikaa tu pamoja miaka mitatu. Alikuwa akituma 4,000 kila mwezi. Tangu Januari simu inaita mpaka inakatika yenyewe.

Nilienda kwa chifu. Bwana akaitwa, akaja na shati jipya, akatia sahihi kwamba atatuma 5,000. Alituma mara mbili. Chifu sasa anasema amefika mwisho wake, niende kortini. Wakili mmoja wa mjini akanitajia 35,000. Nilimuuliza kama hiyo ni ya kesi au ya kununua korti yenyewe.

Sasa nisaidieni. Lazima niwe na wakili? Nishtaki huku Nakuru au nimfuate Kisumu? Cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, je, hilo litaniangusha? Na kinachoninyima usingizi: mama mkwe (kama bado naweza kumwita hivyo) anasema nikithubutu kushtaki, watamchukua mtoto.

NyarWinam

Dada, pole. Mimi nilipitia hiyo njia Kisumu mwaka wa 2023 bila wakili, nikiwa na mtoto wa pili mgongoni.

Usikimbilie korti kwanza. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Kwako nadhani ni Nakuru Magharibi. Hutozwi chochote pale. Beba cheti cha kuzaliwa, ile karatasi ya chifu, risiti za shule na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Hiyo ya M-Pesa usiidharau. Wangu aliapa kwamba hajawahi kukosa mwezi hata mmoja, afisa akaweka karatasi mezani, wakaanza kuhesabu pamoja. Walifika Machi wakanyamaza.

Afisa humwandikia baba barua ya kumwita. Mkielewana mnaandika mapatano. Wangu alikuja siku moja, siku ya pili akamtuma mama yake na kuku. Kuku tulimla, kesi nikaipeleka kortini.

Kortini kuna kitu kitakachokuchosha kuliko vyote: hati ya kiapo ya mapato na matumizi. Unaandika kila kitu, unga, makaa, kodi, sare, dawa, nauli ya shule, na unachopata pia. Na baba anaandika yake. Mimi niliweka 2,000 za nywele. Hakimu akaniuliza kama ni za mtoto au ni zangu. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minane, hana hata nywele za kusuka. Nilizifuta mwenyewe. Siku hiyo pia nilikuwa nimejiandaa kusimulia alivyoniacha na alienda na nani, nilikuwa nimekariri kabisa usiku kucha. Hakuna aliyeniuliza.

Baadaye faili yetu ilipelekwa kwa mpatanishi. Huyo si hakimu, na hamumlipi. Mnakaa chumba kimoja, mlango umefungwa, mnaongea kama watu. Wana siku 60 za kumaliza. Tulitoka na 5,500 kwa mwezi na karo nusu kwa nusu, kisha hakimu akayafanya makubaliano yale kuwa amri ya korti. Hapo ndipo tofauti na karatasi ya chifu ilipo. Akikaidi unarudi kwenye faili ileile, anaitwa kueleza kwa nini asifungwe, au mshahara wake ukatwe.

Simba_wa_Molo

Mpeleke polisi alale ndani siku mbili, pesa zitaonekana. Mambo ya fomu ni ya matajiri.

FundiShabab

Simba, wacha kumpotosha dada wa watu.

Mimi nitaongea kama mwanamume aliyeshtakiwa. Nilitumiwa samansi kwa WhatsApp. Nikaona tiki mbili zimeingia, sikuifungua, nikajiona mjanja. Kumbe tangu 2020 kanuni zinaruhusu kumfikishia mtu samansi kwa simu anayoitumia, na ikionyesha imefika imehesabiwa imefika, uifungue usiifungue. Kesi ikaendelea bila mimi. Nilipojitokeza nilikuta amri ya muda ya 8,000 kwa mwezi, na wakati huo gereji ilikuwa imelala. Ningeenda mapema na hesabu zangu ningesikizwa. Nilipozipeleka, hakimu alizisoma na ikashuka.

Kuhusu kunyang'anywa mtoto: Katiba, Ibara ya 53, inasema malezi ni wajibu wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Hakuna mahali inaposema nyanya anakuja na pikipiki kuchukua mtoto kwa sababu mama ameomba unga. Lakini na wewe dada, nikuombe kitu. Asipotuma pesa usimfungie mtoto asimwone babake. Mama wa mwanangu alifanya hivyo miezi minne, na hakimu akatukemea sote wawili sawasawa. Pesa ni jambo moja, kuonana na mzazi ni haki ya mtoto, haiuzwi kwa 4,000. Sasa nakaa naye Jumamosi. Ananisaidia kupanga spana, anazipanga vibaya sana.

KaraniMstaafu

Nimekaa masjala ya mahakama miaka 27, niongeze machache.

Polisi ni pale mtoto anapopigwa au maisha yake yako hatarini. Kwa matunzo watakurudisha kwa afisa wa watoto, kwa hiyo anzia hapo. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, haina malipo.

Shtaki Nakuru, mtoto anakoishi. Baba ndiye atakayepanda gari, si wewe.

Cheti kutokuwa na jina la baba hakukufungii mlango. Akikana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA. Tena mwaka wa 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kile kifungu kilichozuia jina la baba asiye na ndoa kuandikwa bila idhini yake kilikuwa kinyume na Katiba.

Wakili si lazima. Ukimhitaji na huna pesa, uliza kuhusu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyotokana na sheria ya 2016. Wa upande wa Kisumu wana FIDA, chama cha mawakili wanawake, pale mjini. Kuna pia ombi la kushtaki kama maskini, ili usilipe ada.

Tangu Machi 2024 karatasi zinaingizwa kwa mtandao nchi nzima. Kama hujui kompyuta, nenda dawati la huduma kwa wateja uelekezwe, usianze na kijana wa saiba. Malipo yote ni kwa simu au benki. Mtu akikuomba taslimu kwenye korido ili "faili isogee", huyo anasogeza mfuko wake. Nimewaona wengi, wengine wana tai nzuri kuliko mawakili.

Lugha isikutie hofu. Mahakama za mahakimu husikiza kwa Kiswahili pia. Na kesi za watoto hazisikizwi mbele ya umati, hakuna jirani atakayekaa nyuma kukusikiliza.

MamaChai_Kaptembwo

Mungu awabariki. Nilienda kwa afisa Jumanne baada ya kuuza birika la mwisho. Mama mmoja mpole, alinipa kiti kabla ya kunipa fomu. Alitazama taarifa ya M-Pesa akapigia mistari kwa kalamu nyekundu. Barua imeandikwa, bwana ameitwa tarehe 14 saa tatu. Nimeambiwa nije bila mtoto, aende shule kama kawaida.

KaraniMstaafu, swali moja: 900 za mtu anayemlea alfajiri nikiwa stejini, hizo naziweka kwenye hesabu?

KaraniMstaafu

Weka. Na umwombe huyo mlezi akuandikie karatasi yenye sahihi.

FundiShabab

Barua umemtumia pia kwa simu?

MamaChai_Kaptembwo

Jana jioni. Tiki mbili. Bado hazijawa buluu.