Baiskeli ya babu, ina ndege kwenye gia: ni ya mwaka gani?

Mjukuu_wa_Mambrui: Wakubwa shikamooni. Niko Malindi, nimeachiwa baiskeli ya babu: blakmamba, breki za vyuma, rimu za inchi 28. Nembo ya mbele imeliwa na chumvi, haisomeki. Gia ya mbele imechongwa vichwa vya ndege wenye midomo mirefu. Bibi asema ilinunuliwa mwaka wa uhuru. Muitaliano mmoja ataka kuitundika ukutani hotelini kwake, anipa elfu tano. Nimeshanunua msasa niikwangue nembo.

Fundi_Maweni: Marahaba. Msasa huo rudisha dukani! Ndege hao ni korongo, alama ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Hero za India na Phoenix za Uchina zina umbo lilo hilo, kwa hivyo weusi na breki si ushahidi. Na gia hubadilishwa, mimi mwenyewe nimebadilisha nyingi. Wewe nenda kwenye habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Ikiwa ni nene kama kopo, isugue kwa kitambaa na mafuta ya taa, polepole. Tafuta maneno Sturmey-Archer, jina la watengenezaji wa habu, herufi AW, kisha tarakimu.

Kobe_wa_Shela: Elfu tano? Hata mbuzi hupati!

Mjukuu_wa_Mambrui: Nimesugua mpaka vidole vyanuka taa. AW, chini yake 54, kisha 3.

Fundi_Maweni: Machi 1954. Huo ni umri wa habu, mwanangu. Fremu yaweza kuwa na wake, ingawa kwa korongo hao sidhani zimepishana sana. Sasa nijibu: AW ni habu ya gia tatu. Waya wake uko wapi? Tazama ekseli upande wa kulia, hutoka kicheni chembamba.

Mjukuu_wa_Mambrui: Hakuna waya, hakuna kicheni. Tundu tupu.

Fundi_Maweni: Basi imekwama gia ya tatu, nzito kuliko zote. Bila waya kuivuta hukaa hapo hapo.

Mjukuu_wa_Mambrui: Lo! Babu alikuwa akileta nazi mjini, na akishavuka daraja la Sabaki kila mwinuko hushuka akasukuma. Sisi watoto nyuma twamcheka, twasema mzee kachoka. Nimemuuliza bibi tena: kumbe aliinunua kwa mtu, imeshatumika. Yeye hajui kama iliwahi kuwa na waya.

Fundi, kicheni hicho nitakipata wapi? Muitaliano nimemwambia angoje.

Fundi_Maweni: Njoo nayo Jumamosi. Nina habu mbovu tatu kwenye ndoo, tutachakura.