ADN (DNA) ni ileile, juu ya nini kichwa na mkia ya epididimisi havifanane?

Mwanafunzi, L'shi:
Jambo bandugu. Niko mu biolojia huku Lubumbashi, juzi profesa alisema epididimisi, ule mrija wa nyuma ya korodani wenye mbegu ya mwanaume inakomaa, iko na kichwa, mwili na mkia, na kila sehemu inawasha jeni zake. Sasa ADN si ni ileile mu kila seli? Na tena ni mrija moja tu, umejikunja-kunja, ukiunyoosha unafika karibu mita 6. Nini njo inaamua jeni hii iwake ku kichwa, ku mkia ilale? Nimesoma silabusi mara mbili na bado.

Fundi wa labo:
Mdogo wangu, weye uko Katanga, fikiri shaba. Jiwe haitoke mu shimo ikiwa waya, inapita fasi nyingi na kila fasi iko na kazi yake. Mbegu nayo ikitoka mu korodani haijue kuogelea, inapata nguvu humo mu mrija, kwa siku kadhaa. Seli za kule zinasikiliza homoni ya kiume, lakini pia maji yenye inateremka toka korodani inaleta ujumbe wa kuwasha jeni: ku panya kuko protini NELL2, inafika ku kichwa cha epididimisi inagusa ROS1, kipokezi chenye kuwa ku seli za pale, na panya dume yenye kukosa NELL2 haizae. Ila usikopie panya yote ku mtu, kile kipande cha mwanzo cha epididimisi yake sisi bantu hatuna hivyo wazi. Na ukiteremka zaidi ni vilevile: vesikula (tezi yenye kutoa maji mingi ya manii) inawasha jeni SEMG1, protini yake inagandisha manii, tezi ya prosteti inawasha jeni KLK3 yenye kutoa protini PSA, njo inakata ile protini yenye kugandisha, manii inakuwa maji kisha dakika 15 mpaka 60.

Mama wa Kamalondo:
Na hii inasaidia nini bantu? Shemeji yangu alisemwa miaka mingi eti ni tasa, kaka alikataa kupima, ile inaniuma mpaka leo.

Fundi wa labo:
Mama, inasaidia sana. Kuko banaume bamezaliwa bila mrija wa kupitisha mbegu, mara nyingi juu ya jeni CFTR. Korodani inatengeneza mbegu muzuri kabisa lakini haina njia, na daktari anaweza kuzitoa na sindano mu epididimisi. Kaka apime, tafadhali, bote babili bapime.

Mwanafunzi, L'shi:
Aksanti sana mkubwa. Kesho tuko na mikroskopu, nitaangalia kama ku mkia misuli ni minene kushinda ku kichwa.